Mdai Mbele ya Jeneza

Inasimuliwa na watu wa kale wa Iraki kwamba alifariki msokota kamba mchamungu, jina lake Mutarrif, Mola amrehemu. Aliacha mjane, Ummu Sahl, watoto wadogo na nyumba. Maiti akakafiniwa, akawekwa uani, na Sheikh akauliza kama ilivyo ada kabla ya swala: “Nani anamdai ndugu yetu?”

Akajitokeza Dhakwan. Kazi yake ilikuwa kuwakusanyia matajiri madeni kwa ujira, na ustadi wake ulikuwa mmoja: kungoja jeneza. Alijua mfiwa habishani mbele ya maiti.

“Dinari thelathini,” akasema, “za tajiri wa katani.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya nyumba. Nduguye marehemu akasogea kwenye pazia walikokaa wanawake. “Shemeji, kubali tuiuze. Usituaibishe. Jua linapanda na ndugu yangu hajazikwa.”

“Naona hajazikwa,” akajibu Ummu Sahl. “Na hiyo unayotaka kuiuza ni mali ya yatima.” Kisha akapaza sauti: “Ewe Dhakwan, mashahidi wako ni nani?”

“Mama! Mbele ya maiti unataka mashahidi?”

“Wewe mbele ya maiti umetaka nyumba. Sikiliza. Mume wangu, wallahi, alikopa katani ya dinari kumi. Sita nimezipeleka mwenyewe. Zimebaki nne, na kwa kuwa huna shahidi wala hati, ningeweza kuzikana. Sizikani. Hizo nyingine, leta shahidi, au uape hapa kwa jina la Mola wako.”

Dhakwan akainama. “Mimi nimetumwa tu, mama. Nitaapaje kwa nisilolishuhudia?”

“Ila kulidai umeweza.”

Sheikh akasema: “Deni ni lile lililokiriwa. Yuko wa kumdhamini ndugu yetu, tumswalie?”

Waliokuwa wakinong'ona “alipe tu, amsitiri mumewe” wakaanza kutazama viatu vyao. Huruma yao ilikuwa tele, mpaka ilipotajwa fedha.

“Juu yangu,” akasema mjane. Ndipo Mutarrif akaswaliwa, akazikwa.

Shemeji hakukanyaga tena pale. Majirani wakamwita “yule mama aliyefanya mnada kwenye msiba,” na jina likamganda. Alisokota kamba hadi vidole vikapasuka, akalipa dinari ya mwisho mbele ya mashahidi wawili, akarudi nyumbani kwake. Hakuna aliyempa hongera. Wanawe walikuwa wamelala chini ya paa lao.

Enyi waumini, roho ya muumini hufungika kwa deni lake, na hilo si la kufanyiwa mzaha. Lakini ni deni lake, si lile analozidishiwa na mtu aliyeona jamaa wanalia. Anayeuliza “ushahidi uko wapi?” hajamvunjia marehemu heshima. Na tukimwacha aulize peke yake, tujue tumesimama upande wa nani.