Twiga Alivyonyamaza

Endeleeni kupukuchua, ila midomo ifungeni. Zefania, na wewe Amosi, nimewasikia tangu asubuhi. Mmoja mwinjilisti, mwingine mwalimu wa biolojia, wote wawili nimewanyonyesha mimi, na tangu mmefika kunisaidia mahindi, kilichopukuchuliwa ni maneno. Binadamu ameumbwa hivi alivyo. Hapana, binadamu ametokana na viumbe wa kale. Watoto shuleni wafundishwe hiki, wasifundishwe kile. Sasa mmenigeukia mimi: mama, wewe uko upande gani? Mimi niko upande wa mgongo wangu, ambao unauma. Lakini mmeniuliza mbele ya wake zenu na wajukuu zangu, kwa hiyo nitawajibu, kwa namna yangu.

Kulikuwa na wakati ambapo twiga alikuwa akisema. Msicheke, alikuwa akisema, na sauti yake ilivuka mabonde. Ilikuwa sauti nzito, ya mama asiye na haraka. Hakuitumia kuimba wala kujisifu. Kichwa chake kiko juu, kwa hiyo aliona mapema, na akiona alisema. Simba yuko kwenye kichaka kile. Mto umejaa, leo msivuke. Wanyama wengine walikula vichwa vikiwa chini, roho zimetulia, maana walijua kuna mwenzao anayeangalia. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza shingo ameitoa wapi.

Swali lililetwa na kiangazi. Mito ilikauka, wanyama wakajazana kwenye dimbwi moja, hawana la kufanya ila kutazamana. Hapo alikuwepo ngiri, ambaye alikuwa mcha Mungu sana. Mpaka leo mnamwona, hali majani mpaka apige magoti. Ngiri alimtazama twiga akinywa maji, moyo wake ukajaa. Akawaambia wenzake waone jinsi damu inavyosukumwa mpaka kule juu, waone anavyoinama na kuinuka bila kuzimia. Kitu cha namna hii hakijitokei chenyewe, alisema. Kuna aliyekikusudia.

Nyani alikuwa amekaa pembeni, na nyani ni mpekuzi, hapiti jiwe bila kuligeuza. Alikuwa ameshuka makorongoni na kuona mifupa ya twiga wa kale, wenye shingo fupi. Yeye akasema hapana. Katika miaka ya njaa wenye shingo fupi walikufa, wale waliozidi kidogo wakafikia majani, wakazaa, na watoto wao wakazidi kidogo tena, mpaka tukafika hapa. Nataka mnielewe vizuri wanangu, hapakuwa na mjinga kati ya hao wawili. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kweli kwa macho yake. Ila hakuna aliyetaka kusikia mwenzake ameona nini.

Basi hiyo ikawa ndiyo kazi ya mbuga nzima. Huku watu wa ngiri, huku watu wa nyani. Swala waliotoka tumbo moja wakawa hawanywi maji pamoja. Kilichowasha moto zaidi ni habari ya watoto: nani akae nao jioni awafundishe, na awafundishe lipi. Kila kukicha mkutano, na kila mkutano twiga aitwe aje kuwa shahidi. Simama hapa. Geuka. Inama tukuone. Haya, sema mwenyewe, shingo hiyo ulipewa au ilirefuka?

Twiga alijibu alichokijua. "Nilizaliwa nayo," alisema. "Mama yangu alikuwa nayo."

Upande wa ngiri ukashangilia kwamba umeshinda. Upande wa nyani nao ukashangilia kwamba umeshinda. Kesho yake wakamwita tena, wakamuuliza lile lile. Alichoka, masikini. Alichoka ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Na wakati huo alikuwa na mtoto mchanga. Miguu ilikuwa bado inatetemeka akisimama. Twiga alikuwa akimwacha kwenye bonde la nyasi ndefu, pamoja na watoto wa wengine, na pundamilia mmoja mzee ndiye aliyepewa zamu ya kuwaangalia. Siku moja aliwaomba. Nina mtoto wa kunyonyesha, alisema, niacheni niende. Wakamjibu kwamba jambo lililo mbele yao ni kubwa kuliko kunyonyesha. Walimjibu hivyo wote, ngiri na nyani, na hiyo ndiyo mara pekee waliyokubaliana.

Siku hiyo hiyo, akiwa amesimama katikati ya mkutano, aliinua macho akaona moshi. Ulikuwa mwembamba, mbali, na upepo ulikuwa unaelekea kwenye bonde. Akasema kama alivyozoea kusema: "Naona moto. Unakuja bondeni. Watoeni watoto wapelekeni dimbwini."

Ngiri akasimama. Akasema mmesikia wenyewe, ameona moto sisi hatujauona, basi shingo hii imewekwa kwa kusudi, ili atuonye. Nyani naye akasimama. Akasema la, wale wa zamani wasioona moto waliungua, na hawa ni uzao wa walioona. Wakaanza. Kila mmoja aliyachukua maneno ya twiga akayaweka upande wake, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama kama moto upo.

Twiga akasema tena, kwa sauti iliyotikisa maji. Wakamwambia angoje, zamu yake itafika. Akamtafuta pundamilia kwa macho, amwambie akimbie, akamwona pale pale, nyuma ya umati. Alikuwa ameacha watoto akaja kusikiliza nani anashinda.

Hapo twiga aliwaruka juu kwa juu akakimbia. Mnajua anavyokimbia twiga, miguu kama haifiki chini. Lakini moto na upepo vilikuwa vimeshapatana. Watoto wa ngiri walikuwa wameingia kwenye mashimo yao. Watoto wa nyani walikuwa wamepanda majabali. Mtoto wa twiga haingii shimoni wala hapandi jabali. Yeye alisimama alipoachwa, akamngoja mama yake, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Mama yake alimkuta hapo. Sisemi zaidi, kuna watoto wanasikiliza.

Alisimama juu yake mpaka majivu yakapoa, na wanyama wakaja kumpa pole. Ngiri alikuja akilia kweli, tusimsingizie. Akapiga magoti akasema, "Mama, pokea, yote haya yalipangwa." Nyani alikuja naye machozi yakimtoka, akashika kichwa, akasema, "Mama, ndivyo ilivyo, mwenye miguu dhaifu habaki." Ngiri akamgeukia nyani. Nyani akamgeukia ngiri. Na pale pale, juu ya yule mtoto, wakaanza upya.

Twiga alifungua kinywa. Wote wakanyamaza, wakajua sasa atasema, na kila upande ukatega masikio kusikia kama atakuwa wao. Akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akafunga kinywa, akageuka, akaenda zake kwenye migunga.

Na tangu siku hiyo twiga hasemi. Akiumia hasemi, akizaa hasemi, simba akimrukia mwilini hasemi. Kuona bado anaona, hilo hakuliacha, maana kosa halikuwa la macho. Nendeni mbugani mkaone wenyewe: anasimama kimya, anatazama upande mmoja bila kupepesa, na pundamilia wenye akili huacha kula wakatazama anakotazama yeye, kisha wakaondoka upesi. Hao ni wajukuu wa yule mzee. Ngiri bado anapiga magoti na nyani bado anageuza mawe, na sina ugomvi na yeyote kati yao. Na kama mnataka kujua shingo ile ilitoka wapi, kamuulizeni mwenyewe, mimi simsemei.

Sasa nimemaliza, Zefania. Nakuona unataka kuniuliza hadithi hii inamuunga mkono nani. Na Amosi naye ameshafungua mdomo. Wanangu, mimi nimechoka. Mahindi yote tuliyopukuchua jana yametandazwa uani juu ya turubai, ndiyo chakula cha nyumba hii mpaka mavuno mengine, na tangu nilipoanza kuwasimulia nimegeuza kiti changu nikawa natazama kule mlimani kulikotanda wingu jeusi. Mmenitazama mdomo muda wote huu. Mke wa Amosi peke yake ndiye ameshasimama, anatafuta magunia.