Siku Kumi na Moja za Atupakisye

Asubuhi ile mke wangu, Atupakisye, alianika mito yetu miwili juu ya ua, akaniambia, "Mwalimu, mvua ikija, anua." Nikamwambia sawa. Akaenda kiwandani. Mvua ikaja, nami nilikuwa nasoma gazeti.

Atupakisye alikuwa muonjaji wa chai. Chini yake walikuwapo wanafunzi watatu wa chuo kikuu, waliokuja kwa mafunzo ya vitendo. Chediel alikuwa na sikio: alijua mashine itakayoharibika kabla fundi hajajua. Sekela alikuwa na mikono: alikulia juu ya trekta la baba yake. Lwitiko alikuwa na damu adimu, kundi O hasi, inayoweza kupewa mgonjwa yeyote, naye aliogopa sindano kiasi kwamba shuleni, siku ya chanjo, alijificha katika stoo ya majembe.

Muonjaji huivuta chai mdomoni kwa mfyonzo mkali, kisha huitema. Siku hiyo Chediel alikuwa chumba cha pili akipima majani, akawa anaihesabu mifyonzo bila kukusudia. Vikombe vilikuwa kumi na viwili. Baada ya mfyonzo wa nane, kimya. Akafungua mlango, akamkuta Atupakisye sakafuni, ametapika damu.

Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na gari la kampuni lilizama kwenye tope hapo hapo getini. Sekela akawasha trekta, akamlaza kwenye tela, akakata katikati ya mashamba ya chai kwa saa nzima. "Mngechelewa nusu saa zaidi," daktari aliwaambia, "mngeniletea maiti."

Kisha akasema damu ya kundi la mke wangu haipo hospitalini. Lwitiko, aliyekuwa amemshikilia kwenye tela njia nzima, akakunja mkono wa shati. "Chukua, Daktari, ila hiyo sindano usinionyeshe." Alizimia baada ya kutolewa damu, si kabla.

Mke wangu akaishi siku kumi na moja zaidi. Siku ya tatu aliniuliza, "Mito uliianua?"

"Hapana."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Kicheko hicho ndicho nilichobaki nacho.

Baada ya mazishi kampuni ilianzisha ufadhili kwa jina lake: ada ya mwaka wa mwisho chuoni, na baada yake mwaka mmoja wa kazi katika chumba chake cha kuonjea. Afisa utumishi aliniletea fomu.

"Chagua wewe, Mwalimu. Wote watatu hawana ada. Watakaokosa wataahirisha masomo."

"Igawanyeni mara tatu."

"Haigawanyiki. Bodi imepitisha jina moja."

Jana niliwaita nyumbani. Nilitoa vikombe vitano. Tulikuwa wanne.

"Mwandike Sekela," alisema Chediel. "Mimi nilisikia tu. Hata mbwa husikia."

"Mbwa angefungua mlango?" Sekela akamjibu. "Usingesikia, ningempeleka nani? Mwandike Lwitiko, Mwalimu. Mimi naweza kurudi kulima na baba."

"Kwa uendeshaji ule?" Lwitiko akasema. "Mpaka leo mgongo unaniuma. Mimi sikufanya kitu. Damu ni ya Mungu, nilizaliwa nayo."

"Na kuzimia ulizaliwa nako?" Sekela akamuuliza.

Wakacheka wote watatu. Kisha wakakumbuka walipo. Chediel akainua kikombe chake, akanywa taratibu, bila sauti.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Ingekuwa kujumlisha, ningetafuta namba kubwa kuliko nyingine. Lakini hii ni kuzidisha: weka sifuri popote, katika sikio, katika mikono au katika damu, na jibu ni sifuri. Nisingepata hata siku moja kati ya zile kumi na moja. Nilimuuliza na Atupakisye hospitalini, ni yupi kati yao aliye bora. Alisema, "Wewe ndiye mwalimu," akalala.

Leo asubuhi nimeamka mapema, nikaianika mito juu ya ua, yote miwili. Mawingu yamekaa upande wa mlimani, nami nimeketi kibarazani nikiyatazama, fomu iko mapajani. Gari la kampuni litaifuata saa nne. Kalamu ninayo, na mstari ni mmoja.

Ninyi mlionisikiliza, mngekuwa mmekaa hapa nilipokaa, mngeandika jina la nani?