Ufunguo wa Kisima

Mwanamke mmoja alikuwa na binti aliyekwenda shule ukubwani. Binti huyo, Nkwimba, alikuwa na miaka thelathini na minane na watoto watatu alipoingia chuo cha maji. Watu walimcheka mwanzoni, kisha wakakaa kikao wakaona faida. Kijiji chao kilikuwa kikavu. Wanawake walifukua mchanga wa mto kwa mikono mpaka maji yatoke, na yalitoka rangi ya udongo. Basi kila nyumba ikatoa debe la mtama ili Nkwimba asome, na wote wakamwambia: nenda, ukirudi ututoe mtoni.

Alirudi baada ya miaka minne. Alikuta kisima kimeshachimbwa na wafadhili, kirefu, na pampu ya mkono imesimikwa juu yake. Lakini pampu ilikuwa imezungushiwa nailoni, kibanda kimejengwa kuizunguka, na mlango umefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwenyekiti wa kijiji, Lushinge. Kisima kilikuwa kinamsubiri mgeni rasmi aje akate utepe.

Mgeni rasmi hakuja. Ilikuja barua kwamba ana udhuru, kisha barua nyingine, kisha ya tatu. Kila barua ilipofika, kijiji kilianza upya kujiandaa. Kwaya ilifanya mazoezi. Mawe ya kuzunguka kibanda yalipakwa chokaa, mvua ikaiosha, yakapakwa tena. Na kwa kuwa Nkwimba alikuwa msomi na hakuwa na kazi, kazi hiyo alipewa yeye. Mtaalamu wa maji alikabidhiwa brashi, akachuchumaa hatua tatu kutoka kwenye pampu aliyosomea, akapaka mawe.

Alimwambia Lushinge kwamba pampu isiyosukumwa hukauka mipira ya ndani, ikapasuka. Aliomba aingie mara moja tu kwa wiki, aisukume, afunge. Lushinge alicheka kwa upole. "Haraka ya nini, mwanangu? Kisima hakiendi popote."

Ikapita miaka miwili hivyo. Mama yake Nkwimba, magoti yakimuuma, aliendelea kupita na ndoo mbele ya kisima kilichofungwa, akienda mtoni. Alipita asubuhi, alipita jioni, na mawe yalikuwa meupe sana.

Kisha barua ikaja kutoka nchi nyingine, mwendo wa siku tatu kwa basi. Walioiandika walikuwa na visima ishirini na fundi mmoja aliyezeeka. Walisema wamesoma cheti chake walichotumiwa na chuo, na kwamba akifika atakuta spana mezani.

Nkwimba hakuruka kwa furaha. Alikuwa na miaka arobaini na minne, hakuwa msichana wa kudanganywa na barua. Alijua kwamba huko hakuna atakayemwita kwa jina la ukoo wake, na kwamba akiugua atajipikia uji mwenyewe. Mtoto wake mdogo alikuwa na miaka tisa na angebaki kwa bibi. Alimwambia mama yake, "Kule nitakuwa mgeni. Hapa nimekuwa pambo. Sijui lipi linauma zaidi." Mama naye hakutaka binti yake aende. Nkwimba alikuwa mtoto wake wa pekee.

Habari zilipoenea, wazee wa kikao walikuja nyumbani kwa mama, Lushinge mbele, na shangazi mmoja wa ukoo nyuma yao. Walimkuta ndiyo kwanza ametua ndoo.

"Mama Nkwimba, tumekuja kwa heshima," alisema Lushinge. "Binti amekula mtama wetu. Leo anatupa mgongo. Uzalendo uko wapi?"

"Na huko watamfanya mfagizi, shauri yake!" alidakia shangazi.

"Hapa amefanywa nani, wifi?" aliuliza mama. "Si umemwona na brashi yake?"



Mgeni akifika nyumbani hupewa maji kwanza. Mama alichota kutoka kwenye ile ndoo aliyotoka kuitua, akampa kila mmoja kata yake kwa mikono miwili. Wazee walizitazama kata. Maji yalikuwa ya kahawia, na kitu kidogo kilikuwa kinaogelea ndani ya ile ya Lushinge. Walizishika tu. Hakuna aliyekunywa.

Mama aliwangoja. Kisha akanyoosha mkono wake mtupu mbele ya Lushinge.

"Nipe huo ufunguo sasa hivi, na mwanangu habanduki hapa."

Mkono wa Lushinge uliingia mfukoni, na wote wakasikia chuma kikigonga chuma. Ulikaa humo kitambo. Ulipotoka, ulitoka mtupu.

"Mama, mgeni rasmi atatuonaje?"

Mama hakugombana naye. Alizikusanya kata, akayarudisha maji kwenye ndoo kwa sababu yalikuwa yamemgharimu safari, akaingia ndani kumfungia binti yake mzigo. Nkwimba aliondoka kesho yake asubuhi. Mtoto wa miaka tisa alilia mpaka basi likapotea, na bibi yake akamshika mkono wakaenda mtoni.

Mgeni rasmi alikuja miezi minane baada ya hapo. Kwaya iliimba. Utepe ulikatwa, kufuli ikafunguliwa, nailoni ikachanwa watu wakipiga makofi. Mgeni akashika mpini akasukuma. Pampu ilikoroma, ikatoa upepo, ikatoa vipande vya mpira mkavu. Alisukuma tena mpaka kola yake ikaloa jasho. Hakikutoka hata kikombe cha maji. Akageuka akauliza fundi wao yuko wapi, na watu wote wakatazama mawe meupe.

Mgeni alisaini kitabu cha wageni akaondoka na magari yake. Lushinge akafunga mlango, akaijaribu kufuli mara mbili kuhakikisha imeshika, akautia ufunguo mfukoni. Ndipo akawageukia watu akasema kwa uchungu wa kweli, "Mnaona? Hawa wasomi wetu hawaipendi nchi yao." Na wengi wakatikisa vichwa kumwunga mkono, kisha wakainua ndoo zao.

Basi wewe unayewahesabu walioondoka na kuwaita wasaliti, jipapase kwanza: ufunguo uko mfukoni mwa nani?