Kama Si Wako, Mruke

"Naomba njia."
"Njia ya nani?"
"Ya hadithi."
"Ina miguu mingapi?"
"Minne, na mmoja unachechemea."
"Basi ipite polepole, tuitazame."

Ikapita. Zamani, wanyama walipokuwa wakifuga mbuzi kama watu, palikuwa na barabara ya vumbi iliyoyakata malisho katikati. Upande huu miamba, upande ule vichaka. Lori lililopita hapo lilikuwa moja tu, la Kifaru. Lilibeba mchanga kutoka mtoni, ngurururu kwenda, ngurururu kurudi, na aliyekuwa njiani, shauri yake.

Kifaru mnamjua, haoni mbali. Mwanzoni alikuwa na ndege wa kupe aliyekaa begani mwake na kumwambia, "Kona, bwana. Shimo, bwana. Mbuzi, bwana." Mshahara wa ndege ulikuwa kupe. Kisha Kifaru akatajirika, akaanza kuoga dawa ya kupe kila Ijumaa. Ndege akashinda na njaa, akaacha kazi. Tangu hapo Kifaru aliendesha kwa kukisia.

Ngurururu, pwaa. Mbuzi amelala. Kifaru anashuka, mbuzi hamtazami, anaitazama taa ya lori.

"Barabara ni ya nani?"
"Ya gari, bwana."
"Mbuzi ni wa nani?"
"Wangu, bwana."
"Gari lilimfuata mbuzi malishoni, au mbuzi alilifuata gari barabarani?"
"Mbuzi alilifuata gari, bwana."
"Basi nani atalipa taa yangu?"

Na mwenye mbuzi hulipa. Kifaru humpakia mbuzi aliyekufa, kwa kuwa kilichomo barabarani ni cha gari. Kisha humchukua na mbuzi mzima, kwa ajili ya taa. Akifika nyumbani humkata sikio la kushoto pembe tatu, ndiyo alama yake, maana wengine hutia zao sikio la kulia, na kumtia zizini.

Digidigi alijaribu kubisha. Alisema aliyegongwa si mbuzi wake. Kifaru akacheka, akamwita Jumbe Nungunungu, wakaja na kanga wote wa mtaani, maana kanga hawaitwi, huja.

"Kama si wako, mruke," akasema Kifaru.

Digidigi akanywea. Katika nchi ile mali haikanwi kwa mdomo. Anayemkana mnyama humruka mbele ya Jumbe, miguu yote, na akishamruka ameikana alama iliyo sikioni mwake. Kila mbuzi wake mwenye alama ile si wake tena. Digidigi alikuwa na wengine nyumbani. Hakuruka. Alilipa.

Sasa asubuhi moja zamu ikamfikia Mama Pimbi wa kwenye miamba. Alikuwa na mbuzi wawili tu, Theluji na Kidoti. Theluji alivuka barabara kufuata majani. Ngurururu, pwaa.

"Barabara ni ya nani?"
"Ya gari, bwana," akajibu Mama Pimbi, na akajibu yote mpaka mwisho bila ubishi, macho yake kwenye taa. Ilikuwa taa ya kushoto. Mahali ilipovunjika palikuwa na kutu, na ndani yake buibui ametanda.

"Taa hii ina buibui, bwana."
"Buibui ni wangu," akasema Kifaru. "Unataka kumdai na yeye? Nashuka mtoni kuchota mchanga. Nikirudi kabla ya jua kuzama, nimkute huyo Kidoti amefungwa hapa kando ya barabara."

Akampakia Theluji, akaondoka. Vumbi likabaki.

Mama Pimbi hakuweza kukaa. Alipanda mwamba, akashuka. Alimkamua Kidoti, akawapa maziwa watoto wake mapacha, akakiosha kibuyu, akakiosha tena. Wale watoto walikuwa hawajaanza kula majani. Bila Kidoti hawakuwa na kitu. Kila upepo ulipovuma alisimamisha masikio: ngurururu? Siyo, ni upepo. Alikaa. Akainuka. Ngurururu? Siyo, ni nyuki.

Mwishowe akalichukua donge la magadi alilomwekea Kidoti kulamba, akavuka barabara mbio.

Kifaru alikuwa na beberu wake aliyempenda kuliko lori, mwekundu, jina lake Shujaa. Wapo wanaosimulia kwamba alikuwa mweupe. Alikuwa mwekundu. Boma la Kifaru lilikuwa na mwanya tangu masika, kwa sababu mwenye lori aliona ubahili mwepesi kuliko kukata miiba. Mama Pimbi akalisugua donge kwenye mwanya. Shujaa akanusa, akatoa ulimi, akatoa kichwa, akatoka mzima. Mama Pimbi akaziba mwanya kwa tawi la miiba, wengine wasije. Kisha akatembea kinyumenyume akidondosha magadi, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka katikati ya barabara, kwenye kona. Hapo akaliacha donge lenyewe.

Beberu akalamba. Alimtazama Mama Pimbi mara moja, bila chuki, kama mgeni anayeshukuru chakula. Mama Pimbi akageuza uso.

Ngurururu. Safari hii haukuwa upepo.

Akakimbia upande wa miamba, akamfunga Kidoti kamba kando ya barabara kama alivyoagizwa. Hakuwa amemaliza fundo.

Pwaa.

Kifaru akashuka. Kanga walikuwa wamekwisha kufika, na Jumbe, na Digidigi nyuma yao. Beberu alikuwa amelalia sikio lake la kushoto, mwili mzima mavumbi.

"Barabara ni ya nani?"
"Ya gari, bwana."
"Mbuzi ni wa nani?"
Mama Pimbi akamtazama beberu. Kisha akasema, "Huyu simjui, bwana. Wangu yule pale, na kamba yake."
"Ah. Umejifunza kwa Digidigi. Kama si wako, mruke."

Mama Pimbi akakunja vazi lake, akaruka. Wa miamba haogopi kuruka. Hop, akatua upande wa pili.

"Ameruka," akasema Jumbe. "Kamkana."

Kifaru akahema. Hakuna aliyewahi kuruka. "Basi ni wa nani? Taa yangu italipwa na nani?"
"Mbuzi asiye na mwenyewe ni wa mtaa, bwana," akasema Mama Pimbi, taratibu. "Mtaa wote utalipa. Kila nyumba mbuzi."

Masikio ya Kifaru yakasimama. Kanga wakalipuka, "Kekekeke, kila nyumba? Kila nyumba?" Digidigi akamsogelea Mama Pimbi akamnong'oneza kwa hasira, "Mama we, umetuuza sote kwa ajili ya mbuzi mmoja."

Mama Pimbi akamgeukia Kifaru. "Lakini bwana, ili awe wa mtaa, ijulikane kwamba hana mwenyewe. Tuliokuwa barabarani tulikuwa wawili. Mimi nimeruka. Bado mmoja."
"Mmoja nani?"
"Naona haya kukutaja."
"Mimi?" Kifaru akacheka hadi mchanga ukamwagika kutoka kwenye lori. "Jumbe, unamsikia? Mbuzi wangu wako zizini. Mbuzi wangu wana adabu. Zoba kama hili, la kulala katikati ya barabara, lina mama na baba mazoba kama lenyewe."
"Ndivyo nijuavyo, bwana. Ila watu watasema, mbona hakuruka."

Kanga, ambao hawawezi kulisikia neno bila kulirudia, wakaanza, "Kama si wako, mruke. Kama si wako, mruke."

Kifaru akatazama mtaa wote kwa macho yake mafupi. Aliona ukungu, na ndani ya ukungu kila nyumba, na katika kila nyumba mbuzi. Akarudi nyuma hatua chache, akaja. Vishindo, vishindo, vishindo, akaruka. Ndi. Lori likatikisika, buibui akaanguka kutoka kwenye taa.

"Miguu yote, Jumbe?" akauliza Mama Pimbi.
"Miguu yote."
"Wote mmeona?"
"Tumeona, kekekeke, tumeona."

Ndipo akamwinamia beberu, akalivuta sikio lililokuwa chini, akalipangusa vumbi kwa kidole. Pembe tatu.

Kanga wakanyamaza, jambo ambalo halijatokea tena. Kifaru akainama, akasogea, akasogea, mpaka pembe yake ikagusa ubavu. Macho hayakumwambia kitu. Akanusa.

"Huyu ni Shujaa," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu ni beberu wangu."
"Alikuwa," akasema Jumbe.

Zizi likafunguliwa jioni ile ile. Kila mbuzi mwenye pembe tatu sikio la kushoto aliangaliwa sikio la kulia, alama ya zamani ikasomwa, akarudi kwao. Digidigi alimpata wake, akaja kwenye miamba kuomba radhi, akashindwa pa kuanzia, akasaidia kukata majani. Shujaa alizaliwa zizini kwa Kifaru, sikio la kulia zima, hakuwa na pa kurudi. Alitiwa sufuriani, na hata wale wasiokula nyama walikunywa mchuzi.

Tangu siku hiyo Kifaru hutembea ameinamisha kichwa, akinusa chini kwanza. Lori bado analo. Na Mama Pimbi, kila upepo ukivuma, hupanda juu ya mwamba na kusimamisha masikio.

Sasa mtauliza, mbuzi akigongwa, nani alipe? Kifaru anasema mwenye mbuzi. Mama Pimbi anasema mwenye gari. Ukimwuliza beberu atakuambia ameshalipa. Funzo la hadithi hii, watoto, ni moja: msipende kuoga. Kifaru angebaki na kupe wake, ndege angebaki begani, na mbuzi wote wa nchi wangevuka.

"Hadithi imefika ng'ambo?"
"Imefika."
"Imevuka na miguu yote?"
"Yote, na ule mmoja unachechemea."
"Iacheni ikalale. Nanyi mkaoge."