Tableti ya Wauza Maziwa wa Isyukula

Hapo zamani za karibu, simu zilipokuwa zimeshafika hata kwenye mabanda ya ng'ombe, walikuwapo wauza maziwa wa Isyukula, kijiji cha mlimani upande wa Tukuyu. Walikuwa na kikundi chao, kituo chao cha kupokelea maziwa, na kundi lao la WhatsApp la kuambizana gari la maziwa limefika wapi. Watu wenye kujivunia kazi yao, hao. Maziwa ya Isyukula hayakuwahi kurudishwa kwa kutiwa maji, na kila mtu alilijua hilo na kulisema bila kuulizwa.

Sasa sikilizeni yaliyowapata.

Katika kikundi hicho alikuwamo Subilaga, mama mjane, msemaji hodari. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, hata mjukuu wake aliyeko Mbeya alimwona vipande vipande. Jioni moja, wakati wa kukamua, ukaingia ujumbe simuni mwake: kampuni kubwa inasherehekea, inagawa simu mpya bure, zimebaki chache. Jaza jina. Jaza namba. Kisha tutumie tarakimu zitakazoingia kwenye simu yako.

Subilaga akajaza jina. Akajaza namba. Tarakimu zikaingia, akazituma. Akangoja simu mpya.

Simu mpya haikuja. Badala yake WhatsApp yake ikamfungia nje, na ndani akakaa mwizi, kwa jina lake, kwa picha yake ileile aliyovaa kitenge cha njano. Mwizi akaanza kuwaandikia wauza maziwa, mmoja baada ya mwingine.

Akamwandikia na Tusekile, jirani wa Subilaga. "Dada yangu mpenzi, nimepata simu yangu leo, nzuri mno. Nitumie tarakimu zitakazoingia kwako nami nikuandikishe."

Tusekile akausoma ujumbe, akausoma tena, akacheka peke yake bandani. Tangu ng'ombe wa Subilaga ale maharage yake, wawili hao walikuwa hawasalimiani. "Subilaga huyu? Aniite mimi dada yake mpenzi?"

Akakimeza kiburi chake, akampigia Subilaga simu ya kawaida.

"Mama Lusajo, wewe ndiye uliyeniandikia?"

"Mimi? Sijakuandikia neno. Hata huko WhatsApp kwenyewe nimefungiwa nje, sijui kuna nini."

Tusekile akaelewa. Akawapigia wengine, hawakupokea, kwa kuwa mikono yao ilikuwa kwenye chuchu za ng'ombe. Na hapo mbele yake ng'ombe wake mwenyewe alikuwa ameanza uchungu, uzao wake wa kwanza. Tusekile akamtazama ng'ombe, akatazama njia. Akakimbia.

Alikimbia kwenye utelezi, nyumba hadi nyumba, akipiga kelele: "Msitume tarakimu! Si Subilaga huyo, ni mwizi!" Kwa Mama Ipyana, mwenyekiti wa kikundi, alimkuta ameshaandika zote, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Tusekile hakusema hodi. Alimpokonya simu mkononi.

Hakuna mwingine aliyeibiwa Isyukula. Hata mmoja. Lakini Tusekile aliporudi nyumbani, ndama alikuwa amekuja vibaya, miguu ya nyuma mbele, na hapakuwa na mtu wa kumvuta. Ng'ombe alipona. Ndama alikuwa amekufa.

Lusajo, mwanawe Subilaga, akapiga simu kutoka Mbeya. "Mama, nyamaza tu. Badilisha laini, watu watasahau."

"Jina langu ndilo lililotumika," Subilaga akajibu. "Nitalisafisha mwenyewe, tena mchana kweupe."

Asubuhi akaenda kituoni, watu wote wakiwa na ndoo zao, akasimama mbele yao. "Ndugu zangu, mwizi hakuvunja mlango. Nilimfungulia mimi, nikampa na kiti. Niliona neno 'bure' nikasahau kuuliza: huyu asiyenijua ananipendea nini? Tusekile, umenikinga, na ndama wako amekwenda kwa ajili yangu. Nakuomba radhi mbele ya watu."

Tusekile akaweka ndoo chini, wakashikana mikono.

Tangu siku hiyo Subilaga akawa anaalikwa vijiji jirani kusimulia. Alisimulia bila kuficha kitu, akijicheka mwenyewe pale pa kucheka, na watu waliomsikia walizifuta jumbe za namna ile. Isyukula ikaanza kutajwa: kile kijiji ambacho hakidanganyiki.

Basi msimu mwingine ukaingia, na tangazo jingine likaingia simuni. Redio moja ya huko wilayani iliandika kwenye ukurasa wake: simulieni kwa sauti yenu jambo lililowapata mtandaoni likawafunza. Atakayeshinda atapewa tableti. Bure.

Neno likawa lilelile. Watu wakashtuka.

"Bure tena?" akasema Mama Ipyana. "Tumeshaungua. Futeni!" Subilaga akawa wa kwanza kuunga mkono, na wengine wakafuata.

Hapo akasimama Anyosisye, mpokeaji wa maziwa pale kituoni, mtu ambaye hakuwahi kupitisha ndoo bila kuipima. "Mwenyekiti, maziwa mabaya tunayamwaga baada ya kuyapima. Hatuyamwagi kabla. Nipeni ruhusa niende."

"Na ukidanganywa wewe?"

"Nikiwaletea uongo, ninyang'anyeni funguo za kituo, mumpe mwingine."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka, na mmoja akasema tayari amemwona mrithi wa funguo. Anyosisye akaondoka.

Akafika redioni. Hakuridhika na ukurasa wala picha. Alitaka kuona mlango na mtu. Akauliza, "Mtataka nini kwetu? Namba ya siri? Tarakimu? Ada ya kutumiwa mzigo?"

Mtangazaji, dada mmoja mwenye sauti nene, akamjibu, "Baba, tunataka simulizi tu."

"Na mwaka jana nani alishinda?"

"Mfuga nyuki mmoja, yuko ng'ambo ya mto."

Wengine wangerudi nyumbani na jibu hilo. Anyosisye alivuka mto. Akamkuta mfuga nyuki, akaiona tableti, akaishika, akaiwasha. Akamwuliza kama baada ya kupewa aliwahi kudaiwa chochote. Hakudaiwa. Ndipo akarudi Isyukula, viatu vimejaa matope, kichwa juu.

"Hii ni ya kweli," akasema. "Nimeipima."

Subilaga akasimulia, wakamrekodi na kupeleka. Na siku ya matokeo, kituoni, redio ikiwa juu ya meza ya kupimia, ile sauti nene ikasema, "Mshindi anatoka Isyukula!" Oyaa! Ndoo zilipigwa kama ngoma. Vigelele vilisikika mpaka kwenye mashamba ya chai. Kijiji kilichokaribia kuibiwa kwa neno 'bure' sasa kilipewa zawadi kwa sababu kilijua kulichunguza.

Tableti ikaja, ya kweli kabisa, ndani ya boksi lake. Lakini ilikuja na laini, na laini husajiliwa kwa alama ya kidole cha mtu mmoja. Redio ikasema, "Chagueni wenyewe mwenye mali. Yeye ndiye mmiliki."

Mama Ipyana akaweka boksi mezani. "Semeni, nani mwenyewe?"

Subilaga akasema, "Simulizi ni langu. Mngepeleka nini redioni kama mimi ningenyamaza, kama mwanangu alivyonishauri? Aibu niliibeba peke yangu, nikaigeuza kuwa heshima ya kijiji. Tableti ni yangu."

Tusekile akasema, "Nakuheshimu, Mama Lusajo. Lakini kama nisingekimbia, simulizi lako lingekuwa la kijiji kizima kilichoibiwa, na nani angekusikiliza? Wewe ulifungua mlango, mimi niliufunga. Wote tuliokaa hapa hakuna aliyelipia siku ile kwa uhai uliokuwa bandani mwake, ila mimi. Tableti ni yangu."

Anyosisye akasema, "Dada zangu, sina la kuwapunguzia. Ila tangazo lilipokuja, wote mlisema lifutwe, na wewe Subilaga ulikuwa wa kwanza kuunga mkono. Kuogopa kila kitu ni rahisi. Mimi niliweka funguo zangu mezani nikaenda kutafuta ukweli kwa miguu. Bila mimi boksi hili lisingekuwa hapa. Tableti ni yangu."

Wauza maziwa wakatazamana. Waliomtazama Subilaga walisema ndiyo. Waliomtazama Tusekile walisema ndiyo. Waliomtazama Anyosisye walisema ndiyo. Gari la maziwa lilipiga honi nje, likapiga tena, wala hakuna aliyetoka.

Haya, mlionisikiliza: aliyekiri, aliyekimbia, na aliyechunguza. Kama Mama Ipyana angewageukia ninyi, mngetaka kidole cha nani? Je, nani alistahili?