Weupe wa Shinani

Paukwa!
Pakawa!
Paka wa nani?
Paka wa Bi Rehani!

Hapo zamani za kale, palikuwa na ukoo wa paka wa Kiajemi. Manyoya yao marefu, marefu ya kufagia sakafu. Bi Rehani alikuwa na binti mmoja, Moshi, mweusi tititi.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha, chwa! chwa! chwa! Mafuriko yakaingia hadi jikoni. Moshi, angali mdogo wa miezi minne, akasombwa juu ya ubao. Akaenda, akaenda, akaenda, akatupwa nchi ya fungo, wanyama wa mwituni wafananao na paka.

Fungo wakamfungulia mlango. Wakampa chakula, wakampa pa kulala. Lakini kila jioni Moshi alikumbuka jikoni kwao, na jivu lenye joto, na ulimi wa mamake ukipita kisogoni: lap, lap, lap.

Miaka mitatu ikapita. Akasema, "Kwetu ni kwetu." Akarudi.

"Hodi!"

Mjomba Sharubu, mlinzi wa mlango, akatoa kichwa. "Nani?"

"Mimi Moshi, mwana wa Bi Rehani. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Lakini Moshi alisharudi! Mwaka wa pili huu. Si yule pale?"

Moshi akachungulia. Kweli, kando ya jivu kajilaza paka, mweusi tititi, manyoya marefu. "Moshi ni mimi!" akalia.

Ukoo ukakusanyika. Wakawaweka wote wawili juani. Wakawatazama mbele, wakawatazama nyuma. Mweusi huyu, mweusi yule.

"Hawana tofauti," akasema Mjomba Sharubu. "Aliyetangulia ndiye. Huyu aende zake!"

Hapo Bi Rehani akatoka. Akamwendea Moshi, akamlamba kisogo: lap, lap, lap. Manyoya yakaachana. Juu meusi, shinani meupe, meupe kama nazi iliyovunjwa sasa hivi.

"Mwanangu!" akasema. "Weupe huu niliuona mimi tu, nikikulamba."

Akamlamba yule wa pili. Meusi juu, meusi mpaka kwenye ngozi.

Yule paka akainama. "Nisamehe, Bibi. Jina langu Kaniki. Watu walisema nafanana na mwanao, nami sikuwa na kwetu."

"Nilijua," akajibu Bi Rehani, "tangu siku ya kwanza."

"Mbona ulinyamaza, mama?" Moshi akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, kila asubuhi ulimi wangu ulikuwa ukikutafuta. Haukukupata. Akaja huyu, ulimi ukapata wa kumlamba."

Moshi akawakumbuka fungo waliomfungulia mlango bila kumuuliza ukoo. Kisha akamsogelea Kaniki.

"Jina langu nirudishie," akasema. "Na hapo penye jivu, sogea kidogo."

Kaniki akasogea.

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo: rangi ya juu huiona kila mpita njia; ya shinani huijua aliyekulea. Usimhukumu mtu kwa kumtazama tu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na sauti yangu nayo imechoka. Anayeipenda aibebe, akawasimulie wa kwao.