Hondohondo na Vivuko Viwili

Paukwa!

Pakawa!

Na ninyi wa huko jikoni, itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wote walikunywa maji ya mto mmoja. Mto ulikuwa na vivuko viwili, kivuko cha Mawe na kivuko cha Matete. Na ndani ya mto alikuwamo Mamba. Mamba mmoja, vivuko viwili. Leo yuko huku, kesho yuko kule.

Basi wanyama wakaweka desturi. Kila alfajiri Kwale aende nyatu nyatu, achungulie, aone Mamba yuko wapi. Lakini sauti ya Kwale ni ndogo. Kwa hiyo amwambie Hondohondo, ndege mwenye domo kubwa, naye apande juu ya gogo atangaze: "Hoo! Hoo! Leo Mamba yuko Mawe! Nyweni Matete!" Wanyama wanakunywa, wanarudi salama. Kazi ilikuwa hiyo tu.

Mwaka mmoja Nyati na Kiboko wakagombea uongozi wa mto. Hondohondo akatia utani kidogo.

"Hoo! Kiboko anashinda majini, na masikio hajayaosha!"

Wanyama wakacheka, kwa! kwa! kwa! Kesho yake akamgeukia Nyati.

"Nyati naye! Pembe huku, pembe huku, katikati hamna kitu!"

Wakagaragara chini. Tangu siku hiyo wakaja mapema. Wakaja hata wasio na kiu. Wa Nyati wakakaa kulia, wa Kiboko wakakaa kushoto, wakawa wanazomeana. Habari ya Mamba ikasogezwa mwisho, tena kwa haraka haraka.

Mama Paa alikaa mbele kabisa, na mwanawe wa pekee ubavuni.

"Mama, nina kiu."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Bado hajamrudia Kiboko."

Siku hiyo Kwale akaruka, puu, juu ya gogo. "Kaka Hondohondo, Mamba yuko Matete."

"Nimesikia, dada. Baadaye."

"Wenzetu wana kiu, kaka. Sema sasa."

"Habari yako haina chumvi! Nikianza na Mamba, nani atabaki kunisikiliza?"

Wanyama wakapiga kelele. "Shuka, Kwale! Tuachie raha yetu!" Na Mama Paa naye akapaza sauti: "Shuka!"

Kwale akashuka. Hondohondo akaongoza: "Nyati!" Wakaitika: "Pembe!" "Kiboko!" "Tumbo!" Ikawa pembe, tumbo, pembe, tumbo, mpaka jua likawa kali. Kiu ikawashika, wakatawanyika kwenda mtoni wakiimba. Mama Paa akashika njia ya Matete, maana ni karibu. Alikuwa bado anacheka.

Mtoto akainama anywe.

Chubwi!

Maji yakatulia.

Asubuhi Hondohondo akapanda gogo lake. "Hoo! Mtoto wa Paa kaliwa! Wa kulaumiwa nani? Nyati au Kiboko?"

"Kiboko!" "Nyati!" "Kiboko!"

Mama Paa akasimama. Wakaacha kuzomeana.

"Ndugu zangu, nauliza. Jana Nyati aliitwa nani?"

"Pembe!"

"Na Kiboko?"

"Tumbo!"

"Na Mamba, tulitangaziwa yuko kivuko gani?"

Punda Milia akatazama kwato zake.

"Hata mimi sikujua," akasema Mama Paa. "Aliyejua nilimwambia ashuke." Akamgeukia Kwale. "Dada, leo yuko wapi?"

Kwale akasema. Sauti ile ile ndogo. Ikabidi wa kulia na wa kushoto wasogeleane, wabanane, wazuie pumzi, ndipo wakasikia: "Mawe. Nyweni Matete."

Wakaenda. "Hoo! Mnakwenda wapi? Nyati bado!" Wachache walibaki naye. Daima wapo.

Wanangu, na ninyi wakubwa wenzangu, kicheko si habari. Kabla hujamsifu msemaji, jiulize amekuambia nini cha kukufikisha nyumbani salama.

Wala nisijifanye mtakatifu. Wakati wa kampeni sikukosa redio hata asubuhi moja. Matusi ya wanasiasa niliyajua kwa ghibu. Redio hiyo hiyo ikatangaza siku ya chanjo ya mbuzi, nami nilikuwa namsimulia jirani kichekesho cha jana. Mbuzi wangu wanne wakafa. Mwenyezi Mungu anisamehe, alinipa masikio mawili nikayafanya ngoma.

Hadithi yangu inakomea hapo. Anayeondoka, aondoke na jina la kivuko.